Kengele Nje ya Saa Yake

Mwaka huu binti yangu, anayefanya kazi Ureno, alinitembeza makanisa mpaka miguu ikavimba. Ndugu msomaji, Wareno hawana mchezo na parokia zao. Kila kijiji tulichofika kilikuwa na kanisa la mawe la zamani kuliko ukoo wote ninaoweza kuutaja, altare imepakwa dhahabu, na mnara wa saa unaogonga kila robo saa kama mtu mwenye kisirani. Nilivipenda vyote. Halafu siku moja, tukinywa kahawa chini ya mnara, kengele ikaanza kulia polepole. Mara moja, kimya kirefu, mara moja tena, na saa yenyewe haikuwa imefika. Nikaweka kikombe chini na kusimama.

"Mama, si ni kengele tu, bana," binti akasema. "Hapa huwa inalia ovyo."

Hailii ovyo. Mimi nililelewa na nyanya yangu mzaa mama, kwetu kijijini karibu na Lugulu, na kuhusu kengele hunidanganyi.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo na mabati, halina mnara wala saa. Kengele ilining'inia kati ya nguzo mbili. Asubuhi na jioni ililia ya sala, na sisi watoto hatukujali. Lakini ikilia nje ya saa yake, basi kuna mtu amekufa, na kila mmoja aliweka chini alichoshika, awe na jembe, mtungi au baiskeli. Mlisimama hivyo mpaka mwalimu wa dini apite akitaja jina.

Msimu mmoja wa kuvuna, mama yangu alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, na watu wazima walikuwa wameanza kunyamaza nikifika. Mchana huo mimi na nyanya tulikuwa uani tukipukuchua mahindi, mboga ya mrenda ikichemka na magadi jikoni. Kengele ikalia. Jirani akaweka jembe chini, akageuka kutazama nyumba yetu.

"Kukhu," nikamwita nyanya, "kengele..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mtoto wangu anarudi nyumbani. Pukuchua, mama."

Jirani akasogea kwenye ua. "Si uweke hiyo hindi chini basi, mama? Ni heshima."

"Weka yako. Mimi niko na kazi."

Nilimwogopa Mungu siku hiyo kwa niaba yake. Lakini punje ziliendelea kuanguka kwenye karai. Mwalimu wa dini alipofika njiani, alitaja jina la mzee mmoja wa ng'ambo ya mto. Hapo ndipo nyanya alipoweka hindi chini, akasimama wima, akamlilia mzee yule kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mama alirudi kabla ya msimu wa kupanda, amebebwa nyuma ya baiskeli, amekonda, akilalamika kwamba kuku wameachwa waingie nyumbani.

Nyanya hayupo sasa. Kanisa limejengwa upya, zuri kweli, lina spika, na ile kengele sijui ilipelekwa wapi. Habari za vifo huja kwa simu, kila mtu anazisoma peke yake. Ya mama yangu niliisoma mwaka jana nikiwa sokoni Kitale, viazi mkononi. Soko likaendelea. Boda boda zikapiga honi, mtu akacheka, na nakwambia wazi, nililikasirikia soko lote.

"Kastoma, si unachukua hizo?" mama wa viazi akaniuliza.

Nikamwambia mama yangu amefariki. Hakuuliza lini wala wapi. Aliweka chini debe alilokuwa amelinyanyua, akaja upande wangu wa meza. Mtu akafika akitaka viazi vya haraka.

"Ngoja," akamwambia. "Huyu amefiwa."

Yule mtu naye akaweka kikapu chini.