Bushi ya Kalibu Namba Nne

Kiwandani walimwita Mama Kataa. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye benchi mwisho wa chumba cha mashine, mahali panaponuka mpira ulioungua, akikagua bushi. Bushi ni kipande cha mpira chenye pete ya chuma ndani. Kinakaa chini ya gari, na kikiisha gari linagonga kama mlango uliolegea. Mama Kataa alizipima moja moja. Iliyofaa aliiweka kulia, isiyofaa kushoto. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na neno alilolitumia zaidi ndilo lililompa jina.

Kaka yake mkubwa alikuwa na duka la vipuri mjini. Kila Jumapili, wakila chakula cha mchana, hakukosa la kusema.

"Mdogo wangu, mimi siuzi vya hapa kwetu. Mteja akiviona anacheka. Mimi nauza vya nje."

"Sawa, kaka," alijibu, akaendelea kula. Moyoni ilimchoma.

Mwaka huo ikaja habari ya mwekezaji anayetafuta pa kuweka pesa zake. Alikuwa amesema kwamba nchi ina magari mengi, na mengi yamechakaa, kwa hiyo yataharibika tu. Hali ya kutia moyo kabisa. Meneja akachangamka. Kuta zikapakwa rangi. Mashine mbili zilizokufa zamani nazo zikapakwa rangi. Siku ya ugeni akamfuata Mama Kataa benchini.

"Mama, leo naomba usikatae kitu."

"Kikiwa kibovu je?"

"Leo hakuna kibovu."

Akafikiri kidogo. "Basi bosi, leo sina kazi," akasema, akavua glavu na kukunja mikono. Meneja akamsihi azivae tena, maana mkaguzi aliyekunja mikono naye asingependeza machoni pa mgeni.

Mwekezaji alifika saa nne, mtu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha darasani. Aligusa kila kitu, ikiwamo rangi, ambayo ilikuwa bado mbichi. Alipofika benchini akafuta mkono, akatoa mfukoni boksi dogo lenye maandishi ya kigeni ya dhahabu.

"Juzi gari nililokodi liligonga sana," alisema. "Fundi akanielekeza dukani. Nilinunua mbili, moja nikaihifadhi. Hiki ndicho kiwango cha nje. Je, ninyi mnaweza kutengeneza kama hii?"

"Baada ya miaka mitano," meneja akawahi. "Tukipata mashine mpya, mitatu."

Mama Kataa akaichukua. Akaipima, akaigeuza, akapitisha ukucha ukingoni. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unyusi. Kalibu namba nne, yaani chuma kinachoupa mpira umbo, iliangushwa sakafuni miaka saba nyuma, na tangu hapo kila bushi iliyotoka humo ilikuwa na alama hiyo. Haikudhuru kitu; alikwisha kuzipitisha maelfu. Kisha akaligeuza boksi. Bei iliandikwa kwa kalamu, na ile saba yenye mkato katikati ilikuwa ya mkono wa kaka yake. Ndiye aliyemfundisha kuandika namba.

Akisema yote, anamvua kaka yake nguo hadharani. Asiposema kitu, kazi yake ya miaka yote inabaki kuwa ya watu wa mbali.

"Hii ni yetu," akasema. "Nimeikagua mimi."

Meneja akacheka cheko la kuomba radhi. Mama Kataa hakucheka. Akachagua bushi tatu za kalibu namba nne kwenye rundo la kulia, akaziweka pamoja na ile ya mgeni, akazichanganya.

"Nionyeshe ya nje ni ipi."

Mgeni akatazama, akashindwa. Meneja naye akashindwa, ingawa alijaribu mara mbili.

"Kwa nini ilikuwa ndani ya boksi la wengine?" mgeni akauliza.

"Kwa sababu yenye jina letu hainunuliwi."

Hakuulizwa mwenye duka ni nani, naye hakumtaja.

Jumapili akaliweka boksi, aliloachiwa na mgeni, karibu na sahani ya kaka yake. "Kaka, nje unakosema ni nje ipi?"

Kaka akalisukuma boksi kando. "Wakala ananiletea kwenye magunia," akasema. "Maboksi nachapisha. Bila boksi vilikaa dukani miaka miwili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeuza viatu."

"Vyenu ni vizuri," kaka akasema, akiangalia meza. "Nilijua tangu mwanzo."

Mama Kataa hakujua akasirike au afurahi. Akaenda jikoni akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Mwekezaji aliweka pesa, si zile alizoota meneja: mashine mbili badala ya kumi, kwa sharti kwamba kila bushi itoke na jina la kiwanda. Miezi sita ya kwanza mauzo yakashuka nusu, na wenzake wakamlaumu Mama Kataa waziwazi wakati wa chai. Mwezi wa saba kampuni moja ya mabasi, iliyojaribu kwa ajili ya bei tu, ikaagiza tena. Baada ya hapo mafundi wakaanza kuziuliza kwa jina.

Mama Kataa akafanywa mkuu wa ukaguzi, akapewa ofisi yenye mlango. Siku ya tano akaomba mlango utolewe. Ukifungwa, alisema, hasikii mashine, na mashine inayoharibu kazi husikika kabla haijaonekana. Mlango ukang'olewa. Meneja akauchukua, akaupachika kwenye ofisi yake mwenyewe.