Vidonge vya Mamangu vya Kushusha Mafuta

Mamangu alikuwa mpishi wa harusi. Kuanzia kivukoni Likoni hadi Mtongwe, watu walipanga siku ya harusi kwa kumuuliza yeye kwanza kama ana nafasi. Mnene hakuwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kuinua sufuria ya biriani bila kuita mtu. Kwa hiyo siku aliposhuka feri akashindwa kupanda kilima cha kivukoni, akaketi kando ya njia ameshika kifua na jasho linamtoka, nilishikwa na woga ambao sijausahau. Dadake wa pekee alikuwa ameanguka jikoni akafa, naye alikuwa akilalamikia kifua vivyo hivyo.

Nilimpeleka hospitali ya serikali, kisiwani. Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kama chetu. Kabla hata ya kumpima, alimtazama machoni. Mamangu alikuwa na vidoa vya manjano kwenye kope, karibu na pua.

"Hivi mama, umekuwa navyo tangu lini?"

"Zamani, daktari. Hata marehemu dadangu alikuwa navyo. Sisi tukidhani ni urembo wa ukoo wetu."

Daktari hakucheka. Alimtoa damu, na tuliporudi kupata majibu akatueleza kwamba damu yake ina mafuta mengi kupita kiasi, na kwamba mafuta hayo hujibandika ndani ya mishipa, njia ya kwenda moyoni ikawa nyembamba.

"Kama mfereji wangu wa jikoni," mamangu akasema, "nikimwaga maji ya masufuria ya nyama."

"Hasa. Na kwenu ni jambo la kurithi. Samli uipunguze, lakini samli peke yake haikukufanya hivi."

Akamwandikia vidonge vilivyokuwa vigeni wakati huo, akamwambia avimeze baada ya chakula.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jioni ile mamangu alifungua saumu kwa tende na kikombe cha kahawa ya moto, akaona hicho ni chakula tosha, akameza kidonge. Tulikuwa tumekaa mkekani pamoja na jamaa waliokuja kufuturu. Mara uso wake ukaanza kuwaka. Masikio, shingo, kifua, kote kukawa kwekundu, naye anajikuna kama aliyeangukia upupu. Shangazi yangu akapiga ukelele kwamba ni jini. Mwingine akasema hospitali wamemlisha sumu. Babangu akaichukua chupa ya vidonge.

"Hivi vinakwenda baharini sasa hivi!"

Mamangu, maji yakimtiririka usoni kwa kuwa jamaa walikuwa wamemmwagia, akanyoosha mkono. "Nipe, bwana. Nitavitupa nikishaambiwa na aliyenipa."

Baada ya muda mwili ulipoa, akala wali wake. Lakini hakumeza kingine, na asubuhi tukavuka tena.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia hiyo si sumu. Dawa ile hupanua mishipa midogo ya ngozi, damu ikajaa, ndipo mtu anapata joto na kuwashwa. Ila tumbo tupu na kahawa ya moto vilikuwa vimeizidisha. Kuanzia sasa ameze nusu kidonge, tena akishashiba wali, na asiongeze mpaka aambiwe. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sikiliza sana hapa, mama. Dawa hii inaweza kuumiza ini. Ndiyo maana nitakuwa nakutoa damu kila unapokuja, hata ukijiona mzima. Ukiona macho yamekuwa manjano, au mkojo mweusi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa, au chakula hakipiti, acha kumeza na uje siku hiyohiyo."

"Na mwarobaini? Mimi hunywa kila Ijumaa."

"Uache kwa sasa. Ini likiharibika, nitajuaje kilichoharibu ni kipi?"

Nilitarajia aitikie "ndiyo daktari" tuondoke, kama tulivyokuwa tukifanya sote mbele ya madaktari. Badala yake alisogeza kiti. "Haya, sasa nisikilize wewe, uone kama nimeshika." Akayarudia yote, kwa utaratibu, kama anayeelekeza mapishi, bila kuruka hata moja. Daktari alimtazama kwa heshima, nami nikajikuta nimekaa wima kwenye benchi.

Tangu hapo nyumba yetu ilizoea. Baada ya chakula cha usiku alimeza dawa yake akaketi na kitambaa kibichi shingoni. Uso ukianza kuwa mwekundu alituambia, "Msishtuke, naiva tu." Siku zikaenda, kuiva kukapungua. Kwenye harusi aliendelea kumimina samli kwenye sufuria za watu, lakini sahani yake mwenyewe ilikuwa ya samaki wa kuchoma na kunde.

Kilichompa tabu kuliko dawa ni jirani yetu, shoga yake wa tangu usichana. Alikuja mchana mmoja akalalamika kwamba naye kifua kinambana.

"Nigawie vichache tu, shoga yangu."

"Siwezi. Vimepimwa kwa damu yangu, si yako. Twende wote kwa daktari, nitakusindikiza."

"Nimekuomba dawa, sikukuomba safari. Kumbe roho yangu kwako si kitu?"

Akaondoka, na kwa wiki kadhaa alipita mlangoni petu bila salamu. Mamangu aliumia. Nilimwona akimpikia mkate wa sinia, akautuma, ukarudishwa. Hata hivyo kidonge hakutoa. Kila ilipokaribia siku yake ya kupimwa alituma ujumbe uleule: siku yangu ya hospitali ni kesho, nitapita kwako.

Siku moja alipopita, jirani alikuwa amevaa buibui, anamngoja.

Alipopimwa, jirani akaonekana ana ugonjwa wa sukari, naye hakuwa akijua. Daktari akamwambia wazi kwamba vidonge vya mwenzake vingeipandisha sukari ile zaidi. Kwenye feri jirani akamshika mamangu mkono.

"Ningekuibia, wallahi. Nilikuwa najua unapoviweka."

"Nilijua unajua," mamangu akasema. "Niliviondoa pale." Wakacheka mpaka watu wakageuka.

Mwaka wa uhuru ulipofika, mafuta yake ya damu yalikuwa yameshuka sana na ini lake halikuwa na neno. Siku alipopewa majibu hayo palikuwa na kuli mmoja wa Changamwe, amekuja kulalamika kwamba amevitupa vidonge kwa sababu vilimchoma uso. Daktari akamgeukia mamangu. "Mama, hebu zungumza naye."

Akahamia benchi la yule bwana. Akamuuliza alikuwa amekula nini kabla ya kumeza, na alipoambiwa ni chai kavu, akaanza kumweleza, taratibu, huku mtu mzima yule ameinamisha kichwa anasikiliza. Wagonjwa waliokuwa karibu nao wakasogea.

Mwanamke mmoja aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Yule ni nani?"

"Mamangu," nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.