Jirani Nilishindwa Kumwiga

Juzijuzi niliitwa matanga kufanya kazi yangu, na kazi ikanishinda. Keti hapo nikwambie. Wewe unanijua tangu zamani, hutanicheka. Na ukinicheka pia ni sawa, mimi nimewacheka watu wote wa hapa Elburgon, wazima na wafu.

Kazi yangu si unaijua. Mtu akikufa, watu wanakusanyika kwake jioni kabla ya siku ya kuzika, wanaomba, wanaimba, chai inazunguka. Halafu mtu mmoja ananiangalia mimi nyanya yao na kusema, "Shosho, mlete." Nami namleta. Naketi vile marehemu alikuwa anaketi, nakohoa kikohozi chake, nafukuza kuku na mdomo wake. Watu wanacheka mpaka wanalia, na wakishalia wanaweza kula. Sikusoma, kalamu kwangu ni mti tu, lakini hiyo kitu moja naijua.

Nilijifunzia kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi zimepangwa mstari. Baba alikuwa anapasua mbao kwa kiwanda, na kiwanda kilitupa nyumba za mabanzi, zile mbao za pembeni bado ziko na maganda. Banzi likikauka linajikunja, linaacha mwanya kidole kinapita. Kwa huo mwanya ulijua jirani amepika nini, ameomba Mungu nini, na amemtukana nani baada ya kuomba. Asubuhi king'ora kinalia, ukungu wa msitu bado umelalia mabati, wanaume wanatoka wakikohoa. Mimi niko kwa blanketi bado, nasema, huyo ni baba ya mapacha, huyo ni yule wa msumeno mkubwa, huyo leo ameamka vibaya.

Shule niliiona kwa dirisha, mtoto wa mama akiwa mgongoni kwangu. Kazi yangu ilikuwa kuleta maranda, ule unga unabaki mbao ikipasuliwa. Naenda na gunia, narudi na maranda kwa nywele, kwa masikio, mpaka jioni naitafuna kwa githeri ya mahindi na maharagwe. Nyanya alikuwa na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupika, umetobolewa shimo chini. Anasimamisha chupa katikati, anamimina maranda kuizunguka, anaishindilia na ngumi, halafu anaivuta chupa pole pole. Hapo hata kupumua hatupumui, maana mkono ukitetemeka yote inaanguka. Kukibaki shimo safi, anawasha kutoka chini, na moto unakula ndani kwa ndani, na harufu ya paini, na moshi wa kutoa machozi.

Sasa mkebe kama huo ukishawaka hauzimwi. Unaivisha githeri ya kwenu, unachemsha maji ya kuoga, na joto bado iko. Kwa hivyo jirani analeta sufuria yake, na mwingine yake, na mnangojana. Ilikuwa baridi ile ya msitu wa Mau inaingia kwa mifupa, hakuna mtu angengojea kwake. Mlikuwa mnaketi hapo, goti kwa goti, mkiangalia githeri ya mtu mwingine ikichemka, na hamna kitu ya kufanya isipokuwa kuongea. Huko kungojana ndiko kulinilisha.

Nilianza na mama wa uji, aliyekuwa anauzia wafanyakazi kwa geti. Yeye aliongea kama amebanwa na mlango: "Uji ni ya kunywa, si ya kuangalia. Leta kikombe ama upishe njia." Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanipa somo. Alikuwa anasema, "Wewe wacha kuangalia mdomo. Sauti inaanzia kwa shingo." Kumbe ni kweli. Mama wa uji alikuwa anarudisha shingo nyuma kama kobe kabla hajaongea. Nikianza na shingo, maneno yanakuja yenyewe.

Halafu nikamchukua msimamizi wa kiwanda. Huyo watu walikuwa wanamwogopa, mtu mrefu, anaongea na mapua. Jioni moja nimesimama mbele ya mkebe, nimeinua kidevu, nasema, "Nyinyi... nyinyi... hizi mbao mnazipasua ama mnazipapasa?" Naona watu hawacheki. Mama anaangalia chini. Nageuka, msimamizi amesimama nyuma yangu na taa ya mkono. Nyumba ilikuwa ya kiwanda, kazi ya baba ilikuwa ya kiwanda, hata hiyo maranda. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia, sauti imekuwa ya panya. Akafikiria. Akasema, "Hapo kwa mkono umekosea. Mimi mkono naweka kwa mfuko wa koti." Akageuza ndoo ya mtu akaketi, na siku hiyo ndiyo tulijua hana bibi wala mtoto, anakula mkate na chai kila siku kwa ile nyumba yake ya matofali. Baada ya hapo alikuwa anakuja na viazi zake mfukoni, tunazichomea hapo.

Mashine zilinyamaza nikiwa tayari mama wa watu. Laini ikabomolewa, mabanzi yakauzwa kuni. Sikulia. Siku hizi niko kwa ploti, nyumba za mawe za kupanga, mlango kwa mlango, na maji iko, na stima ya taa iko, siwezi kusema ni mbaya. Jirani yangu wa ukuta alikuwa mama mmoja na msichana wake. Alikuwa anauza nguo za mtumba kwa simu, anatundika sweta kwa kamba, anapiga picha, anatuma. Tukikutana kwa mfereji ananiinulia nyusi, simu imebanwa kwa bega. Nami namwinulia zangu. Miaka inaenda hivyo.

Walikuwa wameniweka kwa grupu ya ploti, ile ya kwa simu. Mimi kusoma sijui, naona tu picha. Mtu akizaa, ni mikono imekunjwa ya kuomba. Akifukuzwa kazi, mikono. Maji ikipotea, mikono. Jirani alipougua kichwa, simu yangu ilijaa mikono jioni yote, na hakuna hata mmoja uligonga mlango wake. Wangu pia ulikuwa chini ya blanketi. Akapelekwa hospitali, hakurudi.

Kwa matanga nyumba ilijaa, na kila mtu ameangalia mapaja yake, hiyo taa ya simu imewapaka kidevu. Msichana alikuwa kwa kona. Alingoja nyimbo ziishe, akaja akapiga magoti mbele yangu. "Shosho, mlete mathe, mlete mama yangu. Mara moja tu. Kesho tunazika."

Nikasimama. Nikatafuta shingo yake. Nilichoona ni kichwa kimeinama, ile laini ya nywele katikati, na nyusi zikiinuka. Nikatafuta kicheko, sina. Nimeleta watu wengi kuliko gari ya abiria, na huyu wa ukuta mmoja sikuwa naye. Nikaketi. Hata aibu sikusikia. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa, unaufinya, unajua ni wako, lakini hausikii.

Kijana mmoja akasema voisi za marehemu si ziko kwa simu, zile sauti alikuwa anajirekodi. Akacheza moja. Ikasema, "Hello dear, hiyo sweta bado iko, rangi ni vile unaona kwa picha." Msichana akatikisa kichwa. Akasema huyo si mama yake, hiyo ilikuwa sauti ya wateja.

Ndipo nikamwuliza, asubuhi mama alikuwa anakuamsha akisema nini. Akasema alikuwa hasemi, alikuwa anamvuta kidole cha mguu kwanza. Nikamwambia basi vuta changu. Watu walishtuka, lakini akanitoa kiatu akavuta, na hapo, bila kujua, akasema, "Wee. Wee wa kwangu. Hata jua limeshakunywa chai."

Mama mdogo wake, aliyekuja kutoka Olkaria, akaweka simu chini. "Hapana," akasema. "Alikuwa anaanza kwa kucheka. Na si wee, ni weeeh, anaipandisha." Wakaanza kubishana. Mwingine akasema hata mkono aliushika kiunoni. Nikawaambia msibishane, mfanyeni. Msichana akarudia, na mkono kiunoni, na kicheko mbele. Akarudia tena. Mara hiyo ya mwisho mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mgongo kwetu, aligeuka haraka kuona ni nani ameingia.

Msichana aliona vile mzee aligeuka. Akalia, mama mdogo akamshika. Baadaye nikamwona huyo msichana na sahani, anakula. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe tu, chai imeshika ngozi juu. Watu wakasema nimefanya kazi. Sikufanya. Nilikuwa wa mwisho kujua vile jirani yangu alikuwa anaongea, na nilijua kutoka kwa mtoto.

Msichana ameenda Olkaria sasa, na sauti ya mama yake imeenda naye. Mimi jioni nazunguka milango. Kijana wa nyumba ya mwisho, anayefanya kazi yake kwa simu huko ndani, mara ya kwanza alifungua kidogo akauliza, "Shosho, ni chumvi?" Nikamwambia chumvi ninayo, nimekuja kusikia vile anaongea. Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Akasema hana cha kusema. Nikamwambia basi anitukane kidogo tu nisikie. Akacheka, na kumbe anacheka kama mtu ananusa ugoro.

Kwa laini hakuna mtu aligonga ili asikie mwenzake. Maneno yalikuwa yanapita yenyewe kwa mwanya, na moshi, na harufu ya githeri, usipotaka unaziba masikio. Wale wote wameenda, na hakuna mtu amebaki wa kuniambia kama kwa mkono nimekosea. Sasa nabisha hodi, nasimama kwa baridi nangojea. Jana kabla sijagonga nilimsikia huyo kijana huko ndani akisema, "Ngoja, nitakupigia, shosho amefika." Akakata, akafungua. Akatoa nguo kwa kiti chake kimoja, yeye akaketi kwa kitanda, na kila mmoja akangojea mwingine aanze.