Nani Alitoka Kwanza

Dada yangu alizaa mapacha wa watu wengine, na katika mkataba wa kurasa kumi na nne hakuitwa mama hata mara moja. Aliitwa mbebaji. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, naye alisoma kwa Kifaransa kule kwetu mashariki mwa Kongo, kwa hiyo nilimtafsiria mimi, mdogo wake mwenye digrii, kwenye chumba chetu cha Kasubi, hapa Kampala, nikisonya kila aya. Mbebaji asile hiki. Mbebaji asisafiri. Mbebaji asijitambulishe kwa ndugu wa wazazi. Nilimwambia wamemfanya toroli. Akanijibu nisome tu, maoni yangu atayasikia siku nyingine.

Nilimsindikiza kwa wakili wa kliniki, kijana mwenye viatu vilivyong'aa kuliko hoja zake. Nilimuuliza ni sheria ipi inayosema watoto watakuwa wa nani. Alisema hapa Uganda hakuna sheria inayokataza jambo hili. Nikauliza kama ipo inayoliruhusu.

"Nimesema hakuna inayokataza," akarudia polepole, kama anayesema na kiziwi.

Wiki ile nilisoma sheria za nchi za watu kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Ufaransa hawataki hata kusikia. Italia, raia akienda kuifanya nje bado ni kosa. India wanamruhusu tu anayebeba bila malipo. Afrika Kusini mkataba lazima upite kwa jaji kabla mimba haijatungwa. Na Uingereza, walikoishi wale waliotaka watoto, aliyezaa ndiye mama mpaka mahakama iseme vingine. Tumbo ni lile lile. Likivuka mpaka huu ni kosa, likivuka ule ni hisani. London lingemfanya dada yangu mama, na Kampala lilimfanya toroli.

Nilimweleza yote hayo akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Alisema yule mwanamke anayetaka watoto ameharibikiwa mimba nyingi, na kwamba binti yake mwenyewe lazima afike sekondari. Nilikuwa na dharau tu, na dharau haijawahi kumpeleka mtoto shule.

Miezi ya mwisho kliniki ilimhamishia mtaa mwingine, Kamwokya, ili majirani wa Kasubi wasimwone, kana kwamba watu wa Kamwokya hawana macho. Muuza matoke wa pale mlangoni aliliona tumbo, akauliza, akajibiwa ni mapacha. Tangu siku hiyo akamwita Nnalongo, cheo ambacho Waganda humpa mwanamke aliyezaa mapacha. Wauzaji wengine wakafuata. Mimi nilicheka. Dada hakucheka. Alianza kuitika.

Alijifungua wavulana wawili bila upasuaji, na kabla ya jioni wakachukuliwa. Mwanamke wa mkataba alifika kwa ndege siku mbili baadaye. Kumbukumbu za uzazi ziliandikwa upya kwa jina lake, na aliyeziandika alikuwa mvivu hata katika uongo: watoto wote wawili waliandikwa wamezaliwa dakika moja.

Hapo ndipo werevu wao ulipowatokea puani. Wiki tatu baadaye wakili alinipigia simu, sauti imepoa. Baba wa watoto ni Muganda, na mama yake, bibi mmoja wa Mengo, alikuwa tayari kuwapa mapacha majina. Lakini kwa Waganda pacha wa kwanza ana jina lake na wa pili ana lake, na bibi alitaka kujua nani alitoka kwanza. Mkwe wake, yule mwanamke wa mkataba, Mkenya, alikuwa amemdanganya kwamba alijifungua mwenyewe, akiwa amepigwa sindano ya usingizi, hivyo hakuona nani alitangulia. Karatasi hazikujua. Wakili alitaka nimtumie ujumbe mfupi: alama gani mwilini, mtoto yupi.

Nilimwambia dada wakati wa kuwakomoa umefika. Nilikuwa na madai saba kichwani. Yeye alikuwa na moja.

"Anayetaka kujua aniulize mimi."

Tukaenda Mengo. Mlangoni wakili alimnong'oneza dada kwamba leo yeye ni nesi aliyekuwepo siku ile, ataje mtoto, anywe chai, aondoke. Dada alimpita, akaingia. Nadhani wakili alitegemea kwamba dada hajui Kiganda. Hakujua kwamba bibi alikaa miaka mingi Nairobi na marehemu mumewe, na Kiswahili chake kilikishinda cha wakili mara mbili.

"Karibu, nesi," bibi alisema. "Nionyeshe mkubwa wao."

Dada aliwafunua watoto waliolala mkekani, akatafuta alama nyuma ya masikio yao.

"Huyu ndiye alitoka kwanza, mama," alisema. "Huyu wa pili alinichana."

Baba wa watoto, aliyekaa ukutani na mkewe, aliinamisha kichwa. Mkewe akashika mdomo.

"Alikuchana wewe?" bibi aliuliza.

"Mimi. Nilishonwa."

Wakili akakohoa, akaanza kutaja kifungu cha tisa cha mkataba, kile cha mbebaji kutojitambulisha. Bibi alimuuliza yeye ni wa ukoo gani. Alioutaja haukuwa ukoo wa nyumba ile, basi akaombwa akasubiri kwenye gari. Nakiri nilimfungulia mlango kwa furaha.

Nilisubiri kelele. Bibi alimtazama mkwe wake, kisha akamgeukia dada yangu, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Nnalongo, kaa hapa."

Dada akakaa. Alikuwa analia bila sauti. Karatasi zilibaki vile vile, na huko Uingereza zilikokwenda jina la dada yangu halimo.

Nilikuwa tayari kumdharau yule Mkenya mpaka mwisho. Lakini alisogea, akaketi upande wa pili wa watoto, akamuuliza dada kwa sauti ndogo, "Walilia?"

"Wa kwanza hakulia mpaka alipopigwa kofi," dada alijibu. "Huyu mwingine alitoka anagombana."

"Nisimulie tangu mwanzo," yule mwanamke alisema. "Sikuwepo."

Dada akajifuta uso, akaanza kumsimulia tangu asubuhi ile, alipokuwa anasubiri chapati na chupa ya uzazi ikapasuka.