Ini Langu Kwenye Runinga

Nimeuza matumbo Kaloleni hadi mgongo ukakataa, na jina la kila mteja ninalo kichwani hadi leo, ingawa hapa sitataja la mtu. Kwa hiyo ini nalijua. Nyongo imelilalia ubavuni. Ukiipasua kwa pupa, ini lote chungu, na mteja harudi.

Basi daktari aliponiambia nina uvimbe kwenye ini, jirani kabisa na nyongo, na kwamba atauchoma kwa sindano kupitia matundu madogo huku akitazama runinga, mimi nilimtazama vidole. Binti mdogo, vidole vya kushika kalamu.

"Na mimi nikipumua je?" nikamuuliza. "Ini halikai mahali pamoja."

"Kweli, shosho. Mashine hii inalifuata linapoenda."

Akanipaka kitu baridi tumboni, akapitisha kifaa chake, akanivalisha miwani nyeusi ya kutazamia runinga yake. Lo! Ini likatoka kwenye kioo, limejaa, lina mgongo na ubavu, kama nimelilaza kwenye kibao changu cha kukatia. Hapo ndipo nilipozidi kushuku. Zamani mpiga picha mmoja wa Kariokor alinipa picha ya harusi ya watu wengine, akaapa kwamba bibi harusi ni mimi.

Nikabana pumzi bila kumwambia mtu. Ini likasimama. Nikakohoa, likaruka.

Daktari akacheka. "Shosho, unanipima?"

"Wewe si umenipima tangu asubuhi?"

Binti yangu, aliyenileta, akaninong'oneza, "Mama, weka kidole kwenye fomu ya kukubali, twende."

"Ngoja. Nikishalala kwa dawa yenu, nani atabana pumzi?"

"Mashine nyingine itakuwa inakupumulia," akasema daktari. "Sindano ikifika pale, tutaisimamisha kidogo tu. Vile umefanya sasa hivi."

Wanisimamishe pumzi! Na anayasema hayo bila hata kupepesa macho. Nikamkagua uso. Mwongo angenificha hilo. Nikachovya kidole gumba kwenye wino.

Niliporudi nyumbani na plasta zangu nne tumboni, nilitaka ushahidi. Daktari alikuwa amempa binti yangu video ya kazi yenyewe, naye binti akaniwekea kwenye simu. Nikabana pumzi. Ini likaendelea kupanda na kushuka, halina habari nami.

"Hili si langu."

"Mama! Hiyo ilirekodiwa, wewe ukiwa umelala fofofo."

Macho sikuyatoa kwenye simu. Mara ini likasimama lenyewe, tuli, kama la ng'ombe kwenye kibao. Sindano ikaingia. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, sijui nilifika ngapi, kisha likapanda tena.

Nikaitafuta nyongo. Ilikuwa pale pale ubavuni, kijani, nzima.

"Rudisha nyuma," nikamwambia binti yangu. "Pale liliposimama."