Jiko Chini ya Kitanda

Ule ndio mwaka tuliokula bada. Mahindi yalikaukia shambani, basi ikawa unga wa muhogo mchana, unga wa muhogo jioni, na mgeni akija unamsogezea bada hiyo hiyo na dagaa wake. Nguru tulimjua kwa harufu, akikaangwa kwa wengine. Ukimuuliza mtu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo habari za mwaka ule, atakutajia kwanza bada, kisha atakwambia nilivyotaka kufa.

Mwaka huo huo wanangu walinitengenezea nyumba. Ilikuwa ya udongo na makuti, kaijenga marehemu mume wangu, na kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi paka anapita na mimba yake. Wanangu wakaona aibu. Wakapiga plasta, wakaezeka bati, wakaweka dari, na madirisha ya alumini ambayo yakifungwa, hata adhana unaisikia kwa mbali. Wakanipiga picha mlangoni. Nilipendeza.

Kikaja kipupwe. Watu wa bara wakishuka huku wanatucheka, eti hii si baridi. Waseme. Mimi upepo wa kusi ukivuma, magoti yanakataa kunyooka, na dawa yake naijua tangu uzazi wangu wa kwanza: jiko la mkaa chini ya kitanda cha kamba. Mama yangu aliniwekea siku zote arobaini, nami nikawawekea binti zangu. Tangu hapo kila kipupwe nimelala juu ya jiko, na sikuwahi kuumwa hata kichwa.

Basi alasiri moja, nimeshasali, nikapepea mkaa ukashika vizuri, nikalisukuma jiko chini ya kitanda. Nikakomea mlango. Nikafunga na lile dirisha jipya, maana ndiyo kazi yake. Nikajilaza.

Shoga yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaja kunirudishia mbuzi ya nazi. Akapiga hodi, kimya. Akapiga tena. Akachungulia dirishani, akaniona nimelala mdomo wazi. Mimi mdomo wazi silali, anajua. Akaikamata ile mbuzi akapiga nayo kioo. Kishindo kikaleta watu, wakavunja mlango, wakanitoa.

Fahamu zilinirudia uani, juu ya mkeka, kichwa kinatwanga, kanga mpya nimeitapikia.

"Umevunja dirisha langu," nikamwambia.

"Na mbuzi yako imepinda meno. Nyamaza uvute hewa, kizee we."

"Kizee mama yako."

Akawageukia watu. "Ametukana. Mzima huyu."

Kwenye zahanati muuguzi akanieleza kwamba hewa mbaya ya mkaa haina rangi wala harufu, inakulaza usiamke. "Zamani ilitoka juu ya ukuta, bibi. Sasa umejifungia nayo."

Miaka yote ile nilidhani jiko ndilo linanilinda. Kumbe ni tundu la paka.

Binti yangu mkubwa akafika siku ile ile kutoka Mapinga. Hata kukaa hakukaa, akaanza kukunja nguo zangu na kuzitia kwenye begi.

"Mama, unahamia kwangu. Moja kwa moja."

"Nani kasema?"

"Ungekufa, mama!"

"Ningekufa kwa dirisha lenu."

Akalia. Nikamwacha alie, kanililia ningali hai, wengine hawapati hilo. Lakini kwake nakujua. Alfajiri wote wameshaondoka kwenda mjini, geti limefungwa, wanarudi isha imepita. Chini marumaru, baridi na utelezi. Na kule hakuna anayeazima kitu, kila nyumba ina mashine yake ya kusagia nazi. Nikianguka saa tatu asubuhi, nani atapiga hodi?

Nikazitoa nguo begini, moja moja. "Sihami. Niliingia hapa kwa miguu yangu, nitatoka nimebebwa, na siku hiyo haijafika."

Tukapatana kwa mengine. Jiko halivuki kizingiti, linakaa uani. Nalala na soksi, mablanketi mawili, na chupa ya maji ya moto niliyoiviringishia kanga. Juu ya dirisha fundi akatoboa ukuta, akaweka matofali ya matundu. Paka alikuja kuyatazama, akaondoka.

Na ile mbuzi haikai kwa mtu. Leo asubuhi shoga yangu anakuja kuiazima, kesho asubuhi anairudisha, hata kama nazi hakuna kwake wala kwangu. Mlango nimeshaacha kuukomea.

Kipupwe cha mwaka huu kilipoanza, binti yangu akapiga simu. "Mama, chumba chako nimekipaka rangi."

"Kimependeza?"

"Sana. Nije lini kukuchukua?"

"Sihami. Niliingia hapa kwa miguu yangu, nitatoka nimebebwa, na siku hiyo haijafika."