Karatasi ya Piga

Nikimsikia mtu akijisifu kwa Kiingereza chake, siku hizi naondoka. Nilikuwa wa aina hiyo mimi mwenyewe, na aliyeumia ni mjomba wangu.

Mjomba ni dobi. Miaka arobaini amesimama nyuma ya meza moja, kwenye chumba chenye dirisha dogo, akipiga pasi mashati ya watu, mpaka mtaa mzima ukamwita Pasi. Ujanani alikuwa mwepesi wa mkono, uzee umempoza. Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyehamia ng'ambo akaoa hukohuko. Binti aliyezaliwa huko ana miaka sita, na Kiswahili chake ni "babu" basi. Kila Jumapili mchana walikuwa wakionana kwa simu. Babu anacheka, mjukuu anacheka, kisha wanabaki wakitazamana kama wageni kwenye benchi la zahanati.

"Mwanangu, nifundishe vitenzi," aliniambia. "Kikombe nitamwonyesha. Kukumbuka, kungoja, kupenda, hivyo nitavionyesha kwa kidole gani?"

Mimi ni karani wa ofisi ya shule. Nikakubali kwa maringo. Kila jioni nikitoka kazini nilipita kwake, nikamwandikia kitenzi kimoja kwenye kipande cha karatasi, Kiswahili juu, Kiingereza chini, naye anakibandika ukutani mbele ya meza. "Eat." "Wait." "Remember." Alikuwa akipiga pasi huku ananong'ona, na shati likiisha, neno limeshaingia.

Siku moja akaniuliza piga. Nilikuwa nachezea simu. Nikaandika "beat", yaani kuchapa, bila kuinua kichwa. Kesho yake nikamkuta ana furaha ya ajabu. Kwa hesabu yake, neno moja lilikuwa limempa nusu ya lugha.

"I beat iron," akanisomea. "I beat teeth. I beat photo."

Pasi, mswaki, picha. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, akidhani nafurahia bidii yake. Kumsahihisha ilikuwa kazi ya dakika mbili. Sikumsahihisha, kwa sababu nilitaka kwanza nikawasimulie wenzangu ofisini. Niliwasimulia wiki nzima. Naona aibu hata kuandika.

Jumapili ilipofika nilikuwa kwake, naosha vikombe uani. Nilimsikia akimwambia mjukuu, bila kukosea: "I remember you. I love you." Mtoto akapiga makofi. Kisha mzee akataka kuaga kama tunavyoaga sote, kwamba nitakupigia kesho, akasema kwa sauti yake nzito:

"Tomorrow I beat you. Every day I beat you."

Nilikimbilia ndani na mikono yenye povu. Simu ilikuwa imeshakatika, na kwa aibu sikumwambia mzee alichokisema.

Jumapili iliyofuata mtoto hakuja kwenye simu. Amelala, akasema baba yake. Iliyofuata, hajisikii vizuri. Ya tatu, simu haikupokelewa kabisa. Mjomba alikuwa akifuta kioo cha simu kwa kitambaa, akidhani labda haonekani vizuri. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikampigia mwenyewe binamu yangu, baba wa mtoto, mbele ya mzee aliyekuwa amerudi kwenye pasi yake, nikailaza simu mezani kwa sauti kubwa, nikakiri yote: kosa ni langu, mzee alitaka kusema atapiga simu.

Nilitegemea atacheka. Alicheka kidogo.

"Dada, nimekuelewa," akasema. "Hata siku ile nilihisi ni lugha tu. Lakini mtoto aliniuliza kama babu alikuwa ananipiga. Nikashindwa kumdanganya. Alama za waya wa pasi mgongoni kwangu anaziona kila tukienda kuogelea. Sasa anaogopa."

Ukoo mzima tulijua habari ya waya ule. Mjomba wa siku hizi hamgusi hata paka, basi tukajifanya tumesahau.

Mzee alisikia kila neno. Akaisimamisha pasi pembeni. Nikafanya ninachokijua: nikachukua karatasi, nikaandika samehe juu, "forgive" chini, nikamsogezea.

Aliitazama, akanirudishia.

"Hii ya nini?" akasema taratibu. "Anayetakiwa kuambiwa hivi anajua Kiswahili. Amekijua miaka yote hii."

Binamu yangu alikuwa hajakata, nilimsikia akipumua. Mjomba akainama juu ya meza, karibu kabisa na simu, akafungua mdomo. Ukutani kulikuwa na vitenzi thelathini na kimoja vya kigeni, vyote alivimudu. Hicho kimoja, cha lugha aliyozaliwa nayo, kilimgomea mpaka simu ikakatika.